Nukta Nyekundu ya Ngamiani

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa dada yangu mpenzi Khadija,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na huyo mgeni wetu aliyemo tumboni, na kwamba miguu imepungua kuvimba. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu mno, na anauliza kama bado unakula udongo, maana anasema yeye alipokuwa na mimba yako alimaliza kona moja ya ukuta wa bibi. Baba naye anakusalimu, na habari nyingi za leo ni zake.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Kwanza mtandao wa huko Mkwaja unaujua mwenyewe, tunaishia kuitana haloo, haloo, na salio linakwisha. Pili nina jambo ambalo ningelisema kwa simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, halafu ungelia, halafu na mimi ningelia, na tusingeelewana. Ndiyo maana nimempa mumeo, shemeji Nasri, barua hii mkononi, nikamwambia asikukabidhi mpaka uwe umekaa. Najua umekwisha funga mabegi ya kuja kujifungulia nyumbani, na umeniuliza zaidi ya mara moja kama chumba kiko tayari. Nitakujibu. Ila soma kwa mpango, usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya hadithi.

Nilikuambia kwamba nimepata kazi na wale wataalamu wa zebaki. Mama mpaka leo anawaambia majirani kuwa natafuta madini, nami nimechoka kumsahihisha. Kazi yenyewe ni hivi: kuna watu wanachora ramani ya dunia nzima. Wameigawa viboksi viboksi kama daftari la hesabu, na katika kila kiboksi wanataka kujua binadamu wa hapo wanapeleka zebaki kiasi gani hewani. Mahali pengine inatoka kwenye makaa ya mawe, pengine kwenye viwanda vya saruji, pengine kwenye taka zinazochomwa. Lakini inayoongoza ni ile ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Wanainasa dhahabu kwa zebaki, kisha donge linachomwa, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Mimi na mwenzangu Loveness, Mshambaa wa Lushoto anayeimba kwaya mpaka ndani ya bajaji, tumepewa kiboksi cha Tanga. Tunazunguka na mashine inayonusa hewa, na penye zebaki namba zake zinapanda.

Sasa, dada, wewe ni mtoto wa sonara kama mimi. Yale madonge ya kijivu wanayomletea Baba kutoka machimboni, akayaweka kwenye lile jiko la uani na kuyapulizia moto mpaka yakageuka manjano, ulidhani ni nini? Mimi nimekua nikiyaangalia na sikuwahi kujiuliza. Loveness ndiye aliyeuliza, siku ya kwanza alipokuja kula kwetu, tonge liko mkononi. Basi kwa uaminifu wa kazi nikamwandika Baba, na ramani ya majaribio ilipotoka, katikati ya Ngamiani pakawa na nukta nyekundu. Nukta hiyo ni Baba.

Nilikwenda kumwambia nikijua atafoka. Lo! Baba alivaa miwani, akaitazama, akauliza kama hiyo ni ramani ya dunia kweli au ya Tanzania tu. Nilipomwambia ni ya dunia, akaomba nakala. Siku ya pili nikakuta ameitia fremu na kuitundika dukani, chini kidogo ya picha ya Makka, na anawaonyesha wateja kwa ncha ya koleo. Kwenye kahawa akawatangazia wenzake kwamba wataalamu wametafuta masonara dunia nzima, na hapa Ngamiani wamemwona yeye. Nikamweleza kwamba wekundu ule si sifa, ni sumu. Akanijibu kuwa hao wasio na moshi wote hajaona hata mmoja aliyewekwa kwenye ramani.

Haikupita wiki, Mzee Mbaruku, yule sonara wa mtaa wa pili ambaye yeye na Baba hawapikiki chungu kimoja, akaja nyumbani na kanzu yake ya Ijumaa kulalamika kwamba ameonewa. Alisema yeye anachoma mara mbili ya Baba, na kama ni upendeleo wa mtoto kwa mzazi basi aambiwe ajue. Loveness alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, lakini kicheko kilipoisha nikashikwa na wasiwasi, kwa sababu nilitambua kuwa kila fundi niliyemhoji tangu ramani ile itundikwe alikuwa ameniongezea ili asionekane mdogo mbele ya jirani yake. Hesabu zangu zote nikazitupa.

Kwa kuwa maneno hayakuaminika tena, ikabidi tuanze upya kwa mashine. Na mashine hii, kabla ya kazi, lazima uionjeshe hewa safi ishuke mpaka sifuri, ndipo uipeleke penye moshi. Nikafikiri, hewa gani safi kuliko ya chumba chako? Mama alikwisha kipaka chokaa, akatandika godoro jipya na shuka la maua, akatundika chandarua, akafukiza udi mpaka pazia likanukia. Nikaingia, nikafunga mlango, nikawasha.

Mashine ikagoma kushuka. Nikadhani imeharibika, nikamlaumu Loveness kwamba ameiangusha, naye akaninunia. Tukaipeleka Raskazoni ufukweni, ikashuka kwa adabu kabisa. Tukairudisha chumbani, ikapanda. Tukaisogeza kwenye godoro, ikapanda zaidi. Dirisha la chumba kile linatazama uani, moja kwa moja kwenye jiko la Baba. Miaka yote moshi ule umekuwa ukiingia na kutulia darini, ukutani na kwenye mikeka, na lile godoro jipya nalo likaanza kunyonya. Zebaki yenyewe haina harufu, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Nilikwenda kumuuliza daktari anayeshirikiana na mradi wetu. Aliniambia kuwa mvuke huo mama akiuvuta unamfikia mtoto tumboni na kuuharibu ubongo unaojengeka, na mtoto mchanga akilazwa humo ni hatari vilevile. Niliogopa, dada, sikufichi. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka mtu anione nalia.

Safari hii sikumweleza Baba kwa mdomo. Nilimwingiza chumbani nikamshikisha mashine mwenyewe. Akaziangalia namba. Akatoka uani, akasimama karibu na jiko lake, akarudi tena ndani, akauliza mtoto alikuwa alazwe upande gani. Mama akamwonyesha, pale chini ya dirisha. Baba alikwenda dukani akaiteremsha ile fremu, kisha akamfuata Loveness na kumtaka aifute nukta. Loveness akamweleza kwa heshima zote kwamba nukta haifutwi kwa kuombwa. Moto ukizimwa, watakaokuja kupima mwakani hawataikuta. Baba akambembeleza kama yeye anavyobembelezwa na wanunuzi wa vipuli vya masikioni, akamuahidi mpaka samaki nguru mzima, asifanikiwe. Asubuhi yake akachukua nyundo, akalivunja jiko mbele yetu sote. Nilidhani atahuzunika, lakini alipomaliza aliomba chai.

Siku hizi anapokea dhahabu iliyokwisha safishwa tu, anatengeneza vikuku na mikufu yake kama kawaida. Mzee Mbaruku alikuja kuchungulia kama Baba amepata wazimu. Juzi amenivuta pembeni akaniomba nikampimie na yeye nyumba yake, ila Baba asijue. Baba na Mama wamepimwa hospitali. Zebaki imeonekana mwilini, lakini daktari anasema hutoka taratibu mtu akikaa mbali nayo, kwa hiyo nimewahamishia kwa Mama mdogo Makorora, ambako Mama analalamika kwamba jiko la watu halina chumvi.

Sasa ndiyo nimefika pale nilipokuwa napazungukia. Dada, usije. Mimba ya kwanza, binti wa kwanza, na kwao anaambiwa asije. Najua uzito wake, na najua maneno ya wakwe na majirani. Nyumba itabanduliwa lipu, dari itashushwa, na haitakalika mpaka mwanao awe anatambaa. Kwa Mama mdogo ni vyumba viwili na watu wamejaa. Wakati wa harusi yako nililalamika kuliko wote kwamba umeolewa mbali. Leo namshukuru Mungu kwamba mimba hii yote umeilelea huko, unavuta upepo wa bahari.

Lakini hutajifungua kama mtu asiye na kwao. Alhamisi, inshaallah, Mama anakuja Mkwaja na atakaa mpaka arobaini itoke. Anakuja na pilipili manga ya uji, na sufuria kubwa ya maji ya kukukandia, na amenunua kanga mpya, maana kutoka nyumba ile hataki kukuletea hata upande mmoja. Mimi nitamsindikiza na mashine yangu, kwa sababu sitalala usingizi mpaka nikipime hicho chumba chako.

Na Baba anakuja. Ndiyo, huyohuyo aliyeapa siku ya harusi kwamba hatatia mguu katika kijiji cha kando ya hifadhi ambacho tembo wanasikilizwa kuliko wakwe. Nilimwambia aandike mwenyewe, akasema yeye ni mtu wa koleo, si wa kalamu. Akaniambia nikuandikie kwamba hakunyimi nyumba, anakunyima moshi wake tu, na kwamba umwie radhi. Aliyasema hayo amenipa mgongo. Kisha akaniuliza kama huko Mkwaja kuna sonara. Nikamwambia hakuna hata mmoja. Akasema, alhamdulillahi.

Nisalimie mama mkwe wako na wote wanaoniulizia, na umwambie Nasri aazime kitanda kingine, tena kiwe mbali na chako, maana Baba anakoroma. Mungu akufungue kwa wepesi, na atukutanishe Alhamisi sote tukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Asmahani Idarusi