Maziwa ya Mgando Uliyomtumia Kabula

Baba Kabula mume wangu,

Pokea salamu zangu za kutoka huku Dar. Hamjambo hapo Kakese? Mvua imeshashuka? Na mguu wa mama mkwe unaendeleaje? Mimi natembea, ila moyo umelala. Nimeona niandike, maana kwenye simu nikisikia tu sauti yako nalia, tunaagana sijasema kitu. Barua hii atakuletea kondakta wa basi la Mpanda.

Kwanza ujue mwanao anasifiwa. Wodi nzima wanajua ndiye msichana wa kwanza pale kwetu kumaliza kidato cha sita kwa masomo ya sayansi, maana nimewaambia. Nimewaambia hata wanaodeki. Yeye ananivuta kanga, "Mama, punguza." Nipunguze nini? Wapunguze wenye watoto wa kawaida.

Daktari alipotueleza habari ya dripu za saratani sikuelewa, Kabula ndiye aliyenifafanulia. Alisema dawa ile haina macho. Inaua kila kinachokua upesi mwilini: ile tezi ya shingoni, nywele, na hata chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wa mwili. Dripu ikishaingia, baada ya kama wiki moja walinzi wanakuwa wachache sana, na kijidudu ambacho kwangu na kwako ni mafua ya siku mbili, yeye kinaweza kumuua. Nikamwambia kumbe ni kama kubomoa boma la miiba ili kumtoa fisi aliyekwisha kuingia. Akacheka. "Ndiyo hivyo mama. Na mpaka boma lijengwe upya, ng'ombe wako wazi."

Tukapewa masharti: chakula kilichoiva na cha moto, maji ya kuchemsha, matunda ya kumenya, maziwa ambayo hayajachemshwa marufuku. Yote niliitikia.

Basi kile kibuyu cha mgando ulichotuma kilifika siku ya saba baada ya dripu ya pili. Mtoto alikuwa hajala siku mbili, mdomo una vidonda, uji anautema. Nilipofungua kizibo, harufu ya nyumbani ikatoka, akafumbua macho. Baba Kabula, sikuona kosa. Mgando wetu usiochemshwa ndio umemkuza, ndio tunampa mgonjwa, mzazi, hata mzee asiye na meno. Nikajiambia masharti yale ni ya watu wa mjini, wanaonunua maziwa ya ng'ombe wasiowajua. Wa kwetu nawajua kwa majina. Akanywa vikombe viwili. Nikamgeukia mama wa kitanda cha pili nikamwambia, umeona maziwa ya Katavi?

Siku ya tatu yake homa ikapanda, akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Sista akaniuliza mgonjwa amekula nini. Nikasema uji. Wote niliojigamba kwao walikuwa wananitazama, nikaona haya. Wakahangaika naye bila kujua wanatafuta nini. Kesho yake asubuhi, alipokuwa hanitambui tena, nikamfuata sista nje.

"Sista, nilimpa mgando."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, ungesema jana," akakimbia kumwita daktari.

Walibadilisha dawa, homa imeshuka, anaongea. Lakini walinzi wake hawajarudi, na bila wao dripu ya tatu haitundikwi. Huku tukisubiri, ile tezi imeanza kuvimba tena. Kesho wanampima damu. Chembe zisipopanda, daktari anataka kutuona sisi wazazi wote wawili. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza.

Kabula aliniomba nisikwambie habari ya maziwa, anaogopa utajiona wewe ndiye umemdhuru. Wewe ulituma kwa mapenzi na masharti hukuyajua. Niliyajua mimi. Ukoo wakiuliza, uwajibu hivyohivyo.

Njoo. Ng'ombe mwachie mdogo wako. Najua nyie mmeshapanga kuja kundi zima kumtazama, lakini waeleze kwamba kwa ugonjwa huu, kumpenda mgonjwa ni kubaki nyumbani. Uje peke yako, na kama una kikohozi usubiri kipone.

Msalimie mama mkwe, asiache dawa ya mguu. Msalimie wifi yangu anayenilelea wale wadogo. Na mzee wa kanisa mwambie maombi aongeze, yale ya mwanzo hayajatosha.

Ukifika utanawa kwa sabuni mpaka viwiko, watakuvalisha barakoa, utasimama mlangoni. Usimkumbatie, hata akikunyooshea mikono. Jana alininyooshea mimi, nikarudi nyuma, kwa sababu tangu juzi nina mafua. Akageukia ukutani. Nimekaa kwenye benchi hapa nje, mgongo wake nauona kupitia kioo cha dirisha, na bado hajanigeukia.

Mkeo akupendaye,
Mama Kabula