Kijiko cha Shangazi

Jumamosi, 4 Mei

Mgahawa mpya wa kwanza. Kaka kauona kwenye simu – nyota nne na nusu! Menyu ndefu kuliko tasnifu yangu. Baba alikaa kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Vijiko vitatu, akasema ameshiba. Sikubisha. Tangu ile homa ya mwezi wa pili, pua na ulimi wake vimekufa ganzi. Anasema kula ni kutafuna kadibodi. Daktari kasema huenda ladha ikarudi, huenda isirudi. Ninayejua ni mimi tu. Kaka anadhani mzee amechoka na supu ya Shangazi.

Amechoka! Miaka kumi na tisa, kila Jumamosi saa sita, meza ile ile ya karibu na jiko katika mgahawa wake. Shangazi si wetu kwa damu, mtaa mzima unamwita hivyo. Hapakui hata bakuli moja kabla hajamletea Baba kijiko aonje chumvi. Baba akisema "pakua", watu wanakula. Wiki nzima ni fundi saa. Jumamosi ana cheo.

Sasa ataonja nini? Ndiyo maana hatuendi.

Jumapili, 12 Mei

Baa ya juu ya ghorofa. Upepo, muziki, taa za zambarau mchana kweupe. Niliagiza chakula chenye pilipili kali, nikidhani moto utapenya. Jasho likamtoka, machozi yakamtoka – ladha hamna. "Mwanangu, huku ni kuchapwa, si kulishwa." Tukacheka. Mimi nilicheka kupita kiasi.

Nyumbani nimeona mkanda wake. Tundu jipya, limetobolewa kwa msumari.

Jumatano, 15 Mei

Shangazi kanikamata nje ya duka la dawa. Mmenihama? Nani kawakosea? Nikasema kazi zimenibana, vitabu vya darasa la sita vinakwenda mtamboni na mhariri ni mimi peke yangu. Kweli, lakini si jibu. Siku hizi anaonja mwenyewe, anasema, na wateja wameshalalamika mara mbili. "Mpishi hawezi kuwa hakimu wa chungu chake, binti yangu. Mwambie mzee."

Sikumwambia.

Jumamosi, 18 Mei

Mgahawa wa tatu. Aibu! Vipakiti vya chumvi na vya sukari – rangi moja, maandishi madogo kama ya mkataba. Baba akamwagia samaki vipakiti viwili. Sukari! Mimi nimeona, yeye anakula. Mhudumu naye akaona, akaja mbio kutaka kubadilisha sahani. Baba akatazama vile vipakiti, akaelewa. "Acha tu, dada. Ndivyo ninavyompenda." Akala nusu nzima, kulinda heshima yake. Mimi nikakodolea macho kitambaa cha meza.

Ijumaa, 24 Mei

Baba kauliza kesho ni wapi. Nikasema nina orodha.

"Ichane."

Alikuwa ameinamia saa aliyoifungua, akaongea nayo badala ya kuongea na mimi. Huko kupya, alisema, hana cha kukumbuka. Mdomo unagonga ukuta. Lakini supu ya Shangazi anaijua kwa moyo: akiiona tu, atajua inavyotakiwa kuwa, na ulimi utafuata nyuma nyuma kama mzee wa magongo.

Na kijiko? nikauliza.

"Hapo sasa."

Nimekaa kitandani na aibu yangu. Nilidhani namfichia siri. Kumbe namzungusha mji mzima, namgongesha kuta, kwa sababu mimi ndiye niliyeogopa kuona uso wake.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika hapa hapa mezani. Amekula! Bakuli zima, na mkate akafutia!

Tulifika saa saba kwa makusudi. Ujanja wangu: sufuria ya kwanza iwe imeshapakuliwa, kijiko kisije. Shangazi hakuuliza tulikuwa wapi. Aliweka bakuli tu. Baba alilitazama muda mrefu, kisha akala taratibu, macho nusu yamefungwa. Nikauliza vipi. "Najua ilivyo," akasema. Kifua changu kimefunguka. Wiki ngapi sijapumua hivi?

Kisha sufuria ya pili ikaiva. Shangazi huyo, kijiko mkononi! Nikataka kusema mzee ana mafua. Baba akaniwahi. Kwa sauti, mbele ya watu: "Shangazi, ulimi wangu umestaafu. Homa imeondoka nao." Shangazi hakumpa pole. Alisema, "Sasa hawa nani atawalisha?" Baba akanisogezea kijiko.

Nimesema kina moto, kipoe kwanza. Ndipo nimepata dakika hii ya kuandika. Shangazi kashika kiuno. Wa meza ya nyuma analalama: huyo binti anaonja au anafanya mtihani?

Nimeonja. Baba ananisoma usoni kama anavyosoma saa iliyochelewa, na mkono wake umeshaanza kwenda kwenye kopo la chumvi –