Mlango wa Wanawake

Jumanne, 11 Aprili 1978

Hujambo, daftari langu? U mzima? Mimi mwili hauna neno, moyo ndio unaniuma. Leo wazee wamekuja kuchukua ufunguo. Ufunguo wa nyumba yetu ya ibada, ile ya mawe! Ulitundikwa nyuma ya mlango wa jiko hili tangu mama yangu alipokuwa akiifagia. Sasa inakarabatiwa isije ikatuangukia, na ufunguo anapewa Lois Brubacher. Juzi tu kaolewa hapa, katokea Kanada. Eti anakaa ng'ambo ya barabara, atawafungulia mafundi. Nikatabasamu. Nikawapa na pai.

Mume wangu Mahlon anasema kile ni chuma tu, Mama Leon. Chuma!

Alhamisi, 13 Aprili

Nimepita kuona. Lois kapaka chokaa ukuta wa ndani. Mweupe, umenyooka — siwezi kusema uongo. Wanawake wote Lois hivi, Lois vile. Hata Askofu Gehman kasema hajaona mikono kama ile. Na hii yangu, iliyozoa panya waliokufa chini ya mabenchi miaka yote, nani aliiona?

Ila mlango wa wanawake unamtesa. Anazungusha ufunguo, anasukuma — wapi! Akaniuliza, "Dada Verna, wewe ulikuwa unaufanyaje huu?"

Unauinua kwa kitasa, halafu unausukuma kwa goti, pale chini mbao ilipolika. Goti la mama, kisha langu.

Nikamjibu, "Ukiuzoea utafunguka tu." Njiani nikacheka peke yangu. 

Jumapili, 16 Aprili

Tumekutana ghalani kwa Shemasi Nolt. Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana, ndani ya nyumba yetu ya ibada, na kuoshana miguu. Kwa hiyo leo kila mtu alipaswa kutamka kama ana amani na Mungu na watu. Shemasi akapita benchi kwa benchi. Lois, mbele yangu: "Nina amani na wote." Na wote! Bila hata kusita!

Zamu yangu. Nikakohoa.

Shemasi sikio lake zito. Akaitikia kwa kichwa, akapita. Imehesabiwa ndiyo.

Bwana hana sikio zito.

Jumatano, 19 Aprili

Mahlon kaleta habari mezani. Mlango umewashinda. Jumamosi seremala ataukata chini na kung'oa kile kitasa cha zamani, aweke kipya. Lois aliwasihi wasiuguse. Alilia, Mahlon anasema. Akawaambia labda Dada Verna anaujua.

Hata kuulilia mlango wangu kanitangulia!

Supu yote nimeimwaga kwenye kitambaa cha meza.

Jumamosi, 22 Aprili

Kigari cha seremala kimepita sasa hivi, msumeno nyuma. Naandika nimesimama, kofia kichwani. Nikienda, watasema Lois ndiye aliyeuokoa, maana ndiye aliyelia. Nisipoenda — kesho nitapita kwenye mlango mpya, nipige magoti, niioshe miguu yake. Halafu busu la amani. Kwa mdomo huu!

Mahlon kachungulia. "Mama Leon, farasi nimfunge kwenye kigari au nisimfunge?"

Nikasema mfunge. Nikasema subiri. Katoka, kaenda kumfunga.

Nyundo inasikika mpaka huku. Bwana, nijibu upesi — farasi ameshafungwa.