Faustin, Inanga Yako Imebaki Wazi

Rafiki yangu Faustin,

Juzi tulimaliza matanga. Mama yako alitandika kitenge sebuleni na vitu vyako vikagawanywa kama ilivyo desturi: mashati kwa kaka zako, kinanda kwa kwaya ya Mabanga. Lakini kitu kimoja hakuna aliyekitaja: ile programu yako ya kupigia inanga, ala ya nyuzi ya wazee wetu, kwenye kompyuta. Nayo ni urithi.

Kuna kampuni ya muziki kule Himbi inaitaka. Wanataka kuiunganisha na programu yao ya kusafisha sauti, wauze zote kama kitu kimoja, na mimi waniajiri. Lakini yao imefungwa, hakuna anayeruhusiwa kuona ilivyoandikwa. Na wewe, mwenye kichwa kigumu, yako uliipa leseni huria: atakayeigawa ikiwa imeunganishwa na nyingine, aache yote wazi. Nyumbani naweza kuziunganisha nitakavyo. Kuziuza hivyo siwezi, mpaka mwenyewe aruhusu. Neno lako moja lingetosha, nawe ndiyo umeshakwenda. Nilikukasirikia, Faustin. Nilikasirika mpaka nikalia.

Mrithi wako ni mama yako, kwa hiyo ruhusa sasa iko kwake. Nilimweleza yote, pamoja na kazi ninayoitamani. Akaniuliza, "Mwenyewe alisemaka nini?"

Ningeweza kumdanganya, asingejua. Lakini nilikumbuka siku ile Masisi, tulipokuwa tunarekodi inanga ya babu yako huku mvua ikipiga mabati, ukaniambia, "Babu hakunifichaka kitu. Na miye sitaficha." Nikamwambia hivyo hivyo.

Alikunja kitenge taratibu. "Basi, muache vile."

Niliwaomba watu wa kampuni kila programu ikae kivyake, zipeane sauti tu, maana hivyo leseni yako haikatazi. Hawakutaka. Kazi imekwenda. Kwaya wanarekodi na inanga yako, na jenereta la jirani linasikika katika kila wimbo. Studio yetu imepoa. Hakuna wa kunicheka nikikosea. Nimekukosa sana, ndugu yangu, sijui nikuambieje.

Pumzika. Nimeanza kuirekebisha programu kuanzia pale ulipoachia. Leseni yako inataka jina la mwandishi libaki juu ya kila faili, na hata isingetaka, nisingelifuta. Chini yake nimeandika langu. Nakuahidi, atakayekuja baada yangu atatukuta wote wawili.