Kidonge cha Yudith

Tanga, 3 Februari 2024

Baba, shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi mzima, kazi ya hoteli inakwenda. Asante kwa kunilelea binti yangu Yudith. Usisahau kidonge chake cha biotini, kila siku, hata akionekana mzima. Daktari alisema amezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachousaidia mwili kuitumia tena vitamini hiyo. Akikikosa, vipele na degedege vitarudi, na masikio yakiharibika hayaponi.

Mwanao, Paskalina

Bumbuli, 14 Mei

Marahaba, mwanangu. Kifua kinakohoa kama lori la Fuso linalopanda mlima wa Soni, lakini kinafika. Kwa simu usinitafute, nimeibadilisha na matetea matatu, na sijutii. Mimi niliyeendesha lori mpaka Lubumbashi, vidonge hivyo nimeviona madukani, akina mama wananunua kukuzia nywele. Yudith nywele si zimeota? Basi nilivisimamisha tangu ile barua yako. Kila asubuhi anakunywa yai bichi, vitamini tupu, lisilopita kiwandani. Wewe nilikukuza hivyo hivyo, ukawaacha wavulana kwenye mbio. Vipele vidogo vipo, ni baridi tu. Ila amerithi ukaidi wako, siku hizi nikimwita hageuki.

Baba yako

Tanga, 17 Mei

Baba, shikamoo. Si ukaidi. Mrudishie kidonge leo, umpeleke hospitali kesho. Yai bichi usimpe tena, ute wake unaing'ang'ania vitamini hiyo hiyo, mwili usiipate. Lipikwe kwanza. Nimeomba ruhusa kazini, wamenikatalia mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nijibu, baba yangu.

Paskalina wako

Bumbuli, 11 Juni

Mwanangu Paskalina, marahaba. Nimechelewa kwa sababu kila nikianza barua naichana.

Kidonge nilimrudishia siku ile ile nilipopata barua yako. Ngozi imetulia, anakula, anakimbiza kuku. Masikio yamepimwa mara mbili. Nilimwambia daktari apime na ya tatu, nikamtajia watu wakubwa ninaowajua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, hayatarudi."

Hujanitukana, na hilo ni zito kuliko tusi. Ukija nitukane.

Jana nilimsimulia Yudith habari za simba aliyelala mbele ya lori langu. Alinikodolea macho mdomoni mwanzo mpaka mwisho. Nilipocheka naye akacheka, akajipigapiga magoti kwa viganja. Hakusikia hata neno moja, mwanangu. Halafu akanivuta ndevu, nianze upya.

Baba yako