Nukta za Kijani za Darasa la Pili

Jumatatu, 14 Julai
Madaftari thelathini na nane. Watatu hawakuleta. Mmoja anasema la kwake limeliwa na mbuzi, na mwenzake kaapa kwamba kamwona huyo mbuzi. Nimesahihisha hadi mkono ukafa ganzi. Wamenakili vizuri nilichoandika ubaoni, lakini nikimwonyesha mtu neno moja katikati ya sentensi, ananitazama mimi badala ya neno.

Saa nane kikao cha walimu. Mwalimu Mkuu anataka kila darasa liwe na lengo la kusoma na la hesabu, liandikwe, lipimwe tarehe 20 Agosti. Mwalimu Eliya wa darasa la tatu alisema kwake nusu ya darasa wasome aya bila kusaidiwa, angalau kwa kuanzia. Nikamcheka. Nikamuuliza ile nusu nyingine tuipeleke wapi, tukaitupe baharini? Ofisi nzima ikacheka. Basi nikapata kichwa. Nikasema darasa la pili watasoma wote, arobaini na mmoja, na jedwali la nne watalijua wote. Mkuu akaandika na kupiga mstari mara mbili.

Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 17 Julai
Nimewapima mmoja mmoja. Aya ya kuku kwenye kitabu chao, sentensi tano. Kuku wa Asha ana vifaranga saba, na kuendelea. Wameisoma tisa tu.

Zuhura amenisikitisha zaidi. Mama yake ndiye anayekaanga mihogo pale njia panda, kila mwalimu amekula mihogo yake. Mtoto ana macho makali, hakuna linalompita darasani. Lakini anajua irabu tu. Nikimpa "ku" anasema "u". Yuko kwenye darasa la mchana la Mwalimu Eliya, lile la wasiojua kusoma kabisa, baada ya chakula.

Nimetengeneza chati kwa manila. Majina yote. Nukta nyekundu kwa asiyesoma, kijani kwa anayesoma. Mwenye kijani anatoka darasa la Eliya ili nafasi apate mwingine, maana chumba hakitoshi. Nimeibandika nje ya ofisi, kila mtu aione. Karibu zote nyekundu. Nimeona aibu kama vile nimeanika nguo za ndani.

Jumanne, 22 Julai
Nimepata dawa!

Jumamosi na Jumapili nafundisha wasichana kaswida madrasa, tunajiandaa kwa Maulidi. Ni watoto hawahawa. Mtoto ambaye shuleni anashindwa na sentensi tano, madrasa anabeba kaswida ndefu beti zote na hatelezi. Kumbe kichwa anacho. Basi leo nimeichukua aya ya kuku nikaitia sauti ya kaswida. Mimi naanza, wao wanaitikia. Dawati likawa dufu. Kipindi cha pili jedwali la nne, sauti nyingine, ya haraka zaidi.

Darasa lilichangamka, hata wale wa nyuma wanaosinzia. Mwalimu Eliya alipita akasimama dirishani. Yeye Mlutheri wa Lushoto, kwaya kaianza tumboni kwa mama yake. Akasema tunaimba vizuri. Nikasema ahsante. Sasa hivi ndipo naona kwamba hakusema tunasoma vizuri.

Jumatano, 30 Julai
Kijani kumi na nane. Mkuu amepita kwenye chati mara mbili, mara ya pili akiwa na mgeni. Nimeanza kutembea kwa maringo, najijua.

Jumatatu, 4 Agosti
Leo nimefanya jambo baya. Naliandika hapa kwa sababu pengine popote sitaliandika.

Zuhura kaja mezani kupimwa. Kafungua kitabu ukurasa wa kuku, kaweka kidole chini ya neno la kwanza kama nilivyowafundisha. Kaanza. Upepo ukapindua ukurasa. Ukaja ukurasa wa duka la Mzee Salimu, hauna kuku wala yai. Yeye hakusita. Kidole kinakwenda kwenye duka, mdomo unakwenda kwenye vifaranga. Kamaliza sentensi zote tano, hajakosea hata silabi. Kaniangalia.

Niliona. Siwezi kusema sikuona.

Nikachukua kalamu ya kijani.

Lengo ni wote arobaini na mmoja, na tarehe 21 kuna mkutano wa wazazi na Afisa Elimu Kata anakuja. Ndiyo sababu, sina nyingine. Kesho Zuhura hatakwenda darasa la Eliya. Kafurahi, karuka kizingiti kwa miguu miwili.

Na kama ni yeye, basi na wengine. Tangu leo nimeacha kuangalia vidole vyao. Naangalia dirishani.

Jumanne, 12 Agosti
Kijani thelathini na sita.

Mama Zuhura kaja shuleni asubuhi, kavaa khanga mpya, kaniletea sahani ya mihogo imefunikwa kawa. Kasema mtoto kamsomea nyumbani jana, kasoma mpaka baba mdogo wake kaamka kusikiliza. Kasema, "Mwalimu, mie sikuingia darasani hata siku moja. Karatasi ya kliniki huwa nawapelekea majirani wanisomee. Sasa nina wangu ndani." Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ina makovu ya mafuta.

Nilitaka kumwambia. Nikasema, "Tumshukuru Mungu."

Nikala mihogo. Vipande vitatu, tena na pilipili. Hivyo ndivyo uso wangu ulivyo mkavu.

Ijumaa, 15 Agosti
Mwalimu Eliya kanifuata chini, kwenye tangi la maji, wengine wasisikie. Kasema kamuuliza mtoto wangu mmoja nne mara sita ni ngapi. Mtoto kaanza kuimba tangu nne mara moja. Kafika nne mara sita, akapita nayo, akamaliza mpaka kumi. Kamuuliza tena, kaanza upya.

Kasema kwa upole: "Dada, mwakani hawa ni wangu."

Nikamjibu ovyo. Nikamwambia aone wivu polepole, asije akaumwa. Alijaza ndoo yake, akaondoka. Laiti angenitukana.

Jumatano, 20 Agosti
Kijani arobaini na moja. Lengo limetimia. Sina raha.

Alhamisi, 21 Agosti
Nijilazimishe kuandika yote.

Wazazi walijaa, viti havikutosha, wengine mikekani. Mkuu alisimama mbele ya chati akanisifu mpaka nikatazama chini, watu wakadhani ni unyenyekevu. Wakapiga makofi. Afisa Elimu Kata, mtu mzima mpole, akasema angependa kusikia mtoto mmoja. Kabla sijamchagua mtu, Mama Zuhura kasimama. Mwanamke ambaye siku zote hukaa karibu na mlango ili awahi karai lake! Kasema mwanawe asome.

Nilikuwa na kitabu mkononi. Nilikuwa nampelekea, ukurasa wa kuku tayari. Afisa akasema hapana, vya darasani kavizoea. Akabandua mlangoni tangazo la chanjo, akampa. "Msomee mama, tujue tarehe."

Zuhura kaishika karatasi kwa mikono miwili. Kaishika sawasawa. Kavuta pumzi, kaanza.

Kuku wa Asha.

Kwa sauti ileile, ya kaswida. Na wenzake waliojazana madirishani wakaitikia, wote, kwa sauti ya juu, maana ndivyo tulivyowazoesha, mmoja akianza wengine hawamwachi peke yake. Vifaranga saba. Wakapiga na kuta.

Watu walicheka mwanzoni. Walidhani ni mchezo tumeuandaa. Halafu Afisa akainama, akauliza taratibu, "Mwanangu, kuku yuko wapi hapa?" Madirishani wakanyamaza. Zuhura kaitazama karatasi, akaigeuza nyuma akatafuta na huko. Kisha kanitazama mimi.

Hapo ndipo ningesema. Maneno hayakuwa mengi: kosa ni langu. Badala yake nikacheka kidogo, nikasema mbele ya watu wote, "Huyu ni mzito kidogo, tena leo ana haya."

Mzito. Mtoto aliyebeba aya nzima kichwani.

Mama yake aliketi. Aliketi polepole, akavuta khanga mpaka kwenye paji la uso. Zuhura akabaki amesimama na karatasi mpaka Mwalimu Eliya alipokwenda kumshika bega akamtoa nje. Si mimi. Eliya.

Ijumaa, 22 Agosti
Zuhura hakuja. Karai la mihogo halikuwapo njia panda. Walimu wakaulizana watakula nini. Nikasema nimefunga. Sikufunga.

Jumapili, 24 Agosti
Kaswida nimewaachia wasichana wakubwa. Sina sauti ya kuimba lolote.

Baada ya alasiri nimekwenda kwao. Nilipita mlango wao mara mbili kama mwizi kabla ya kupiga hodi. Mama Zuhura kanikaribisha, kanipa kigoda, hakunipa mgongo. Ningependa anipe mgongo. Bibi yake Zuhura alikuwa barazani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaingia ndani.

Nikasema. Kwamba mtoto hajui kusoma. Kwamba nilijua tangu ukurasa ulipopinduka. Kwamba nilimtoa darasa la Mwalimu Eliya ili chati ipendeze. Kwamba si mzito, mzito ni mimi. Niliongea haraka, nikarudia mambo, nikalia, jambo ambalo sikukusudia, maana nilikuja kuomba msamaha si kubembelezwa.

Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize. Kisha akasema:

"Kuimba nilimsikia, mwalimu. Tangu siku ya kwanza. Mie nilidhani ndo kusoma kwenyewe. Siye tusojua tungejuaje?"

Niko hapa mezani tangu magharibi, swali lake nimeliandika kama alivyolisema.

Akaongeza kwamba mambo ya shule ni yangu mimi, lakini hilo neno la mzito nimwambie mwenyewe. Zuhura alikuwa uani anamenya mihogo. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia nilikosea, nilisema uongo mbele za watu kwa sababu niliogopa, na yeye kichwa chake ni kizuri kuliko changu. Aliendelea kumenya. Kasema, "Haya, mwalimu." Hakuinua uso.

Jumatatu, 25 Agosti
Nimemwambia Mkuu. Kafunga mlango. Kaniuliza kama najua kwamba taarifa imeshakwenda kwa Afisa ikiwa na jina lake yeye Mkuu chini. Najua. Kaniuliza kwa nini sikunyamaza tu, watoto wangejifunza mbele ya safari. Nikamwambia mbele ya safari ni kwa Mwalimu Eliya. Ana haki ya kukasirika, na pia anaogopa, kama nilivyoogopa mimi. Mwishowe kasema nipime upya, na barua ya masahihisho niiandike mimi, kwa mkono wangu, niweke na jina.

Kisha ofisini, mbele ya wote, nikasema tena. Mara ya tatu haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Hakuna aliyecheka. Nilimwomba radhi Mwalimu Eliya kwa lile la wivu na lile la nusu kutupwa baharini. Kasema, "Yamekwisha, dada." Akauliza lini tunaanza.

Jumatano, 27 Agosti
Tumepima mmoja mmoja, mimi na Eliya pamoja. Aya mpya, hawajawahi kuiona. Sauti ya kaswida hairuhusiwi. Mmoja kaomba aruhusiwe kidogo tu.

Wanaosoma kumi na mmoja. Wawili zaidi ya Julai. Wanaojibu jedwali la nne bila kuanza mwanzo, sita.

Nimebadilisha nukta mwenyewe, watoto wakinitazama. Niliwaeleza kwamba aliyekosea ni mwalimu. Hawakuelewa sana. Kuna aliyelia kwa nukta yake. Zuhura amerudi, amekaa nyuma kabisa.

Jumatatu, 1 Septemba
Lengo jipya. Nimeliandika kwa penseli. Kila mtoto, kila wiki, silabi tano mpya na hesabu tatu za kutoa kwa vizibo vya chupa. Kwa kila mmoja tofauti. Mkuu kasema ni dogo mno kwa taarifa. Kweli ni dogo. Hakupiga mstari.

Darasa la mchana sasa ni vyumba viwili, kimoja changu. Zuhura kachagua cha Eliya. Imeniuma. Inastahili kuniuma.

Jumatano, 10 Septemba
Nimenunua mihogo njia panda. Mama Zuhura kanihudumia kama mteja yeyote, kanifungia kwenye karatasi, kaniambia karibu tena.

Alhamisi, 18 Septemba
Mvua asubuhi, watoto ishirini na tisa tu. Nimewapima waliokuja.

Zuhura alikuwa wa mwisho. Sentensi mbili, kuhusu mama anayepika uji. Kasoma bila sauti yoyote nzuri, kwa kukwama. Ma. Ma. Mama. Kwenye "anapika" kasimama muda mrefu, midomo inakwenda, kidole kimebana karatasi mpaka ukucha umekuwa mweupe. Sikumtajia. Kalipata. Kwenye "uji" kakosea kasema "uzi", akarudi mwenyewe. Sentensi ya pili hakuimaliza.

Nikaandika: bado. Nikaweka nukta nyekundu.

Kaiangalia. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Hii ya kweli, mwalimu, au ya wageni?"

Nikamwambia ya kweli.

Akarudi kukaa.