Wewe wa Njiani

Jumatatu, 3 Juni

Zege tangu asubuhi. Upepo umepasua midomo, saruji inakula vidole. Mawe ya msingi yaliisha wiki iliyopita na lori halikuja, basi fundi Joseph akatuambia tubebe lile rundo la mawe lililokuwa chini kwenye kiwanja, karibu na miiba. Rundo zuri. Mawe yote ya kubebeka, hakuna hata moja la kuhitaji watu wawili. Tulilimaliza kwa toroli. Leo tumefunika msingi. Fundi alifurahi, akasema Mungu alituwekea akiba.

Nyumba yenyewe ni ya kumbukumbu. Bango la barabarani linasema hivyo: historia ya Dodoma na watu wake. Sijui ni watu gani. Mimi ni wa Sikonge, nabeba mchanga.

Ugali mbichi tena. Mama Nyemo, mpishi wetu, yuko Kolo kwa binti yake aliyejifungua. Aliyemwachia sufuria hajui kupika.

Jumatano, 5 Juni

Alikuja dada wa ofisini, anaitwa Rehema. Kijana, viatu vyeupe, vumbi halikumwonea huruma. Anakusanya historia za koo. Ndani ya nyumba hii patakuwa na ukuta wa majina: familia za hapa, waliojenga reli, waliokuja na kufia huku. Kila ukoo unaruhusiwa kuleta habari zake.

Wenzangu walicheka. Athumani alimwambia, "Niandike mimi, nimeshafia hapa tangu mwaka jana." Rehema naye alicheka.

Mimi sikucheka. Nilimfuata kwenye gari nikamweleza habari za babu. Mihambo, baba wa baba yangu. Alitoka Sikonge kuja kutengeneza reli huku, baba akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Hakurudi. Wenzake walirudi na blanketi lake, wakasema amekufa kwa kifua upande wa Dodoma. Upande upi, hakuna anayekumbuka. Nilimwambia na habari ya sikio la kushoto. Lilichanika katikati, ndiyo maana nyumbani walimwita Mihambo wa Sikio.

Aliandika yote. Akauliza kama nina picha, karatasi au kaburi. Sina.

Akasema, "Tafuta, kaka. Kwenu mna nusu ya habari. Nusu nyingine huenda iko kwa watu wa huku."

Sijawahi kufikiri hivyo. Miaka yote tumedhani habari yote imepotea.

Alhamisi, 6 Juni

Nilimpigia dada Kalunde, akamwekea baba simu sikioni. Sauti ya baba imekuwa uzi. Mapafu. Alikuwa mtu wa kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

Nilimwambia kuna ukuta. Hakuujali. Anachotaka ni kile kile. Tukitambika kwetu, kila mzee anaitwa kwa mahali alipolala: wewe uliyelala Ipole, wewe uliyelala Kiwele, pokea unga huu. Tukifika kwa babu tunasema, "Na wewe wa njiani." Unga wake unamwagwa mwisho, nje ya uzio, kama wa mpita njia. Baba amefanya hivyo tangu utoto na kila mara anaondoka uani bila kusema na mtu.

"Nataka mahali, Maganga," alisema. "Na udongo wake kidogo. Nikifika huko nisimuulize mwenyewe alikuwa wapi."

Kalunde alichukua simu, akaniambia niwahi.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna kazi. Nimezunguka Mkonze, hapa tunapojenga, nyumba kwa nyumba nikiuliza kama kuna mtu anajua kaburi la mgeni wa zamani, mtu wa reli. Vibaya sana. Huku mgeni anayeuliza makaburi anadhaniwa dalali wa viwanja. Kaburi ndilo ushahidi wa ardhi, mwenye kaburi ndiye mwenye fidia. Baba mmoja aliniuliza nimetumwa na nani. Mwingine alinionyesha barabara ya kuondokea. Walokole waliokuwa wanatoka kanisani walinionea huruma wakanipa maji.

Miguu inauma. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumatatu, 10 Juni

Siwezi kuandika vizuri. Naandika hivyo hivyo.

Mama Nyemo amerudi. Nilimwamkia asubuhi jikoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mpagazi. Hujafa tu?"

Nikamwambia sijafa, naogopa kuzikwa na Wagogo, watauza sanda kabla sijapoa. Akanirushia mwiko. Ndivyo tunavyoishi. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani akifia kwako unamzika wewe, na unamtukana ukimzika.

Tukala. Nikamuuliza, kwa kuwa yeye ameolewa hapa hapa Mkonze na hawezi kunidhania dalali, kama amewahi kusikia habari za Mnyamwezi wa reli aliyefia huku.

"Yule aliyeliwa sikio na fisi?" akasema.

Nikamuuliza sikio lipi. Akashika la kushoto. Akasema si fisi, huo ni utani, baba mkwe wake ndiye alikuwa anasema hivyo. Mtu huyo alikutwa na baba mkwe wake kando ya reli anakohoa damu, akamleta nyumbani, akafa baada ya muda mfupi. Jina lake hawakulishika. Walimzika kiwanjani kwao, wakamlaza akielekea machweo, kwao. Na kwa kuwa mgeni hana mtoto wa kumpalilia kaburi, kila aliyepita alimwekea jiwe. Mama Nyemo mwenyewe aliweka akiwa bi harusi. Watoto wake waliweka wakienda shule.

"Kwani hujaliona?" akasema. "Lile rundo kule chini kwenye miiba."

Athumani aligeuka kutazama toroli. Yeye akatuangalia mmoja mmoja, akainuka, akaenda kutazama. Tulimwona amesimama pale kwenye ardhi tupu, mikono kichwani.

Jumanne, 11 Juni

Sikulala. Nimebeba mawe ya babu yangu kwa toroli nikipiga mluzi.

Hakuna aliyejua. Najisemea hivyo na haisaidii. Kila mtu alibeba, lakini babu ni wangu. Mawe mengi yamemezwa na zege. Machache yanaonekana upande wa mashariki, uso nje. Nimeyashika. Ni laini kwa kushikwa.

Nilimwomba fundi Joseph tuyatoe hata hayo. Si mtu mbaya. Alivua kofia, akanipa pole, akasema hawezi kubomoa msingi wa serikali kwa sababu ya ndoto. Nikamwambia si ndoto. Akasema anajua, lakini ndivyo watakavyomwambia yeye.

Kule chini ndiko kubaya zaidi. Ijumaa greda lilisawazisha pote kwa ajili ya maegesho. Mifupa bado iko, mawe tu ndiyo yalihama. Lakini iko wapi hasa? Ardhi yote inafanana.

Nilimpigia baba. Nilimwambia: Mkonze. Analala Mkonze, alizikwa na watani, akielekea nyumbani. Sikumwambia kuhusu mawe. Kisha nikasikia analitamka jina polepole. Mkonze. Mkonze. Kama mtu anayejaribu kiatu.

Alhamisi, 13 Juni

Rehema alikuja, nikamweleza kila kitu, na Mama Nyemo akaeleza ya upande wake. Rehema alifungua alichoandika siku ile, akasoma habari ya sikio. Akasema nilimwambia sikio kabla Mama Nyemo hajarudi. Watu wawili wasiojuana, habari moja. Huo ni ushahidi, alisema. Alipoonyeshwa msingi alikaa chini kwenye mfuko wa saruji na viatu vyake vyeupe.

Alimpigia mkubwa wake, akaenda, akarudi jioni. Mkubwa amekubali jina. Mihambo wa Sikonge, mfanyakazi wa reli, alifia Dodoma, mahali alipozikwa hapajulikani.

Nikasema panajulikana.

Akasema anajua. Yeye aliandika habari yote, ya rundo na ya msingi, mkubwa akaikata. Habari ya ukoo ibaki ya ukoo, alimwambia, ukuta ni wa umma. Watu hawawezi kuja kufungua nyumba ya kumbukumbu halafu wasome kwamba imejengwa kwa mawe ya kaburi.

Mama Nyemo akauliza, "Kwani sisi tuliokuwa tunaweka mawe si umma?"

Rehema alifunga daftari. Anataka nimpe jawabu kesho, kama jina liandikwe hivyo.

Nimewaza jina la babu likiwa limeandikwa kwenye makao makuu ya nchi, wabunge wanalipita. Nimelitaka, siwezi kudanganya. Nimelitaka sana.

Ijumaa, 14 Juni

Nilimuuliza baba. Nikamsomea maneno yenyewe. Nilipofika "hapajulikani" akaanza kukohoa, Kalunde akachukua simu, kisha baba akairudisha kwa nguvu.

"Hilo ndilo nililokuwa nasema maisha yangu yote," akasema. "Hilo tunalijua. Si nimekutuma jingine?"

Nilimpigia Rehema nikamwambia hapana. Alisema atanitunzia habari yote, isiyokatwa, mahali ambapo mwingine anaweza kuikuta. Nilimshukuru. Baada ya hapo nilikwenda kukoroga zege.

Jumamosi, 15 Juni

Udongo. Tulikwenda mimi na Mama Nyemo baada ya kazi, na Athumani mwenye sururu.

Mama Nyemo alisimama, akatazama kona ya njia ya zamani, akatazama paa la nyumba ya shemeji yake, akasogea, akarudi, akasogea tena. Mwishoni akakanyaga. "Hapa. Au pale. Babu yako alikuwa mrefu, hatumkosi."

Nikamuuliza ana hakika. Akasema hana.

Kisha akafanya kazi ya mtani. Akapiga ardhi kwa mwiko wa ugali, akamwita. "Wewe Mnyamwezi! Amka! Umekula ugali wetu siku mbili ukafa, hukuosha hata sahani! Umelalia kiwanja chetu bure, hata kodi hukulipa! Mjukuu wako kakuvua nguo mchana kweupe, na wewe umelala tu! Toa udongo, mtoto wako anakuita!"

Athumani alicheka mpaka akashika magoti. Mimi nililia. Mama Nyemo naye alikuwa analia, lakini hakuacha kutukana.

Nilijaza udongo kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwekundu, mkavu, kama wa mahali pengine popote.

Niliomba ruhusa ya kusafiri. Fundi amesema nisubiri hadi tumwage linta, zege la juu ya madirisha, yaani wiki ijayo.

Jumanne, 18 Juni

Kalunde alipiga asubuhi nikiwa juu ya jukwaa. Baba amefariki.

Nilishuka. Sikumbuki kushuka.

Anasema Jumapili alitaka atolewe nje, uani, na apewe unga. Walimshika mabega. Aliwaita wote kwa mahali pao, taratibu, akapumzika, akaendelea. Alipofika kwa babu alisema, "Wewe uliyelala Mkonze." Akamwaga unga pale pale pamoja na wengine, ndani ya uzio. Halafu akaomba uji.

Udongo uko chini ya kitanda changu. Ningeondoka Jumamosi ile ile ningemkuta. Nilisubiri linta.

Ijumaa, 21 Juni

Sikonge. Nilifika wameshazika. Jua halingoji mtu wa mbali.

Nilimwaga udongo juu ya kaburi la baba, ukakaa mwekundu juu ya wa kwetu. Wazee waliuliza habari yote, nikaisema yote, na ya mawe. Nilitegemea kupigwa. Baba mdogo alikaa sana akichora chini kwa kijiti.

"Kwa hiyo amebeba nyumba," akasema. "Alikufa kibarua, na bado yuko kazini."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenilaumu pia. Laiti mmoja angenilaumu.

Jumatatu, 22 Julai

Nimerudi kazini. Fundi Joseph alinipokea, akanipa mwiko wa lipu badala ya koleo. Ukuta wa majina nimeupiga lipu mimi upande wa kushoto. Umenyooka. Rehema alikuja kupima, tukasalimiana. Jina la babu halitakuwepo. Wakati mwingine najuta. Leo sijutii.

Maegesho yamemwagwa kokoto. Jioni nikitoka napita pale, hapa au pale, naacha jiwe moja. Wiki iliyopita mlinzi aliliondoa, akasema litaharibu magari ya wakubwa. Nikaweka jingine.

Leo nimekuta mawe matatu. La kwangu nalijua. Moja lina masizi, limetoka kwenye mafiga ya Mama Nyemo.

La tatu sijui ni la nani.